Versiyo ya Kumi na Nne

Pélagie Mashauri alijifunza informatiki, elimu ya kompyuta, bila ordinatere. Prof Thaddée, aliyewafundisha hesabu katika shule moja ya Kasenga, hapa Uvira, alichora kibodi ubaoni kwa chaki kila Ijumaa saa ya mwisho, na wanafunzi waliandika majina yao kwa kugonga madawati kwa vidole. Wengine walicheka. Pélagie alirudi nyumbani akagonga meza ya kulia chakula mpaka mama yake akamfukuza.

Baada ya shule alikaa miaka minne katika kibanda cha fotokopi karibu na soko, akichapa barua za kuomba kazi na kazi za mwisho za wanafunzi wa chuo. Wateja wakipungua, alifungua vitabu alivyovivuta mtandaoni rezo ikiwepo na kujifundisha kuandika programu. Kwa hiyo siku Prof Thaddée alipopita pale kuchapa karatasi na kukuta mwanafunzi wake wa zamani anaandika kode, alisimama nyuma yake akisoma mstari kwa mstari. Juma lililofuata alimchukua kwenye shirika dogo la maji alikohamia baada ya kuacha ualimu.

Shirika lile lilikuwa na programu moja tu, iliyoitwa Kipimo, na Thaddée ndiye aliyeitunga peke yake. Katika mji ambao kipindupindu hakikomi, kila mahali watu wanapochota maji ya ziwa au ya mto paliwekwa mtu wa kujitolea mwenye simu, seringi na chupa ya klori. Mama anafika na bidoni yake, dumu la maji. Mtu huyo anagusa kwenye simu aina ya chupa na ukubwa wa bidoni. Simu inamwambia avute mililita ngapi. Pointi kama hizo zilikuwa arobaini na moja, kuanzia Runingu kule bondeni mwa Ruzizi hadi Makobola kwenye njia ya Fizi. Simu ilizungumza Kiswahili, Kifaransa na Kirundi.

Pélagie alipoanza kazi aliuliza kode iko wapi. Thaddée aligusa ordinatere yake. "Iko humu."

Ilikuwa humo kweli, katika folda tisa. Moja iliitwa "mpya", nyingine "mpya ya kweli", nyingine "ya mwisho", nyingine "ya mwisho 2", na moja "usiguse". Kode ni maandishi tu. Ili simu iweze kuyatumia, lazima mashini iyajenge kwanza yawe programu. Na ni ordinatere ya Thaddée peke yake iliyoweza kujenga Kipimo, kwa sababu vifaa vyote vya kujengea vilikuwa vimewekwa humo mmoja mmoja kwa miaka mitano, na mwenyewe hakukumbuka tena vipi.

Tangu Januari, Pélagie alianza kutengeneza ghala. Lilikuwa mahali pamoja pa kode, ambapo kila badiliko linaingia na jina la aliyelifanya, tarehe na sababu. Aliandika orodha ya vifaa vyote vya kujengea, na namba zake. Akachukua mashini nzee iliyokuwa kwenye kona ya biro, ofisi yao, ikishikilia mlango usifungwe na upepo, akaifundisha kazi moja: kila kode ikibadilika ghalani, iivute, iijenge yenyewe, halafu iipitishe kwenye majaribio. Ikifaulu, inaonyesha kijani. Ikishindwa, nyekundu, na versiyo, toleo jipya, haitoki.

Kilichokosekana ni kode yenyewe. Pélagie alikuwa na versiyo ya kumi na moja tu, ambayo Thaddée alimpa mara moja kwa haraka.

"Prof, unipe zile zingine, nipange."

"Nitaleta wiki iyi yenye inakuya."

Alijibu hivyo Februari, Machi na Aprili. Hakuwa mtu mbaya. Kila mstari wa programu ile alikuwa ameukesha, na kumkabidhi mwanafunzi wake aupange kulimchoma mahali fulani ambapo hakupenda kupaonyesha.

Mwaka huo ziwa lilipanda. Nyumba za ufuoni ziliingiwa na maji, vyoo vikafurika, na katikati ya balaa hilo klori iliyozoeleka ikaisha. Ikaletwa nyingine, ya chupa yenye kifuniko cha bluu, ambayo nguvu yake ilikuwa nusu ya ile ya kifuniko cheupe. Kwa bidoni ya lita ishirini, nyeupe inataka mililita nne. Bluu inataka nane. Thaddée aliingiza chupa mpya kwenye Kipimo, akajenga versiyo ya kumi na nne na kuituma kwenye simu zote siku ya Ijumaa.

Jumanne asubuhi, saa mbili na nusu, simu ya Pélagie ililia. Alikuwa Mama Marie-Rose, mjitoleaji wa Makobola, mwanamke asiyepiga simu kwa jambo dogo.

"Pélagie, ni minye. Mayi haigeuke rangi."

Alimaanisha dawa ya kupimia: ukiitia kwenye maji yenye klori ya kutosha, yanakuwa ya waridi.

"Unatia ngapi, mama?"

"Nne. Simu iko inasema nne."

"Chupa ya kifuniko gani?"

"Ya bluu. Na sikia, mwanangu, pale kwa sentre de santé kuko bantu kumi na mmoja tangu jana. Banaharisha. Wengi ni ba huku kwangu."

 Alifungua Kipimo kwenye simu yake mwenyewe. Versiyo ya kumi na nne. Chupa ya bluu, lita ishirini. Nne. Akagusa nyeupe: nne. Akarudia, kana kwamba simu inaweza kujirudi.

"Mama, tia nane. Anza sasa hivi. Kila bidoni ya ishirini ya bluu, nane."

"Lakini simu inasema…"

"Simu imekosea, mama. Tia nane."

Kwenye biro alimkuta kordinatrisi, kiongozi wa shirika, Anne-Marie, muuguzi wa zamani mwenye sauti ya chini, akitundika koti lake. Alimwambia kwa sentensi tatu. Anne-Marie alikaa. Kisha akasimama tena. "Ita Thaddée. Wengine wote mushike simu, mupigie kila pointi."

Thaddée alifika saa tatu na nusu, suruali imekunjwa hadi magotini, amebeba ordinatere yake ndani ya kitenge cha mke wake kama mtoto mchanga. Maji yalikuwa yameingia nyumbani kwake Jumapili, meza ikapinduka. Aliiweka juu ya dawati, akabonyeza. Haikuwaka.

"Niliweka bluu," alisema. "Niliweka kwa mikono yangu, Pélagie. Nane. Nakumbuka."

"Uliweka katika folda gani, Prof?"

Alianza kuzihesabu folda kwa vidole. Ndipo alipoelewa, na Pélagie aliona uso wake unavyoelewa. Jina la bluu alikuwa ameliweka kila mahali, lakini vipimo vyake aliviandika kwenye folda moja na kujenga kutoka nyingine, ambamo chupa isiyo na vipimo vyake inahesabiwa kama nyeupe.

Kufikia saa sita walikuwa wamewapata wajitoleaji ishirini na sita. Kumi na watano hawakupatikana, na karibu wote walikuwa bondeni, Mutarule, Runingu na vijiji vya jirani, ambako rezo inakuja dakika mbili na kuondoka saa nzima. Mtu akapendekeza wawatumie ujumbe mmoja tu: wote watie nane.

"Apana," Anne-Marie alikataa. "Wengine bangali na nyeupe. Ukitia nane ya nyeupe mayi inanuka, bamama banaimwanga, banaenda kuchota moja kwa moja mu ziwa. Nilishaona."

Kilichobaki ni programu. Simu ya kijijini inaweza isilie siku nzima, lakini ikipata rezo ya dakika mbili inavuta versiyo mpya yenyewe.

Thaddée alikumbuka kle yake ya USB, iliyoning'inia kwenye funguo za nyumba. Alikuwa amenakili kazi yake humo Alhamisi. Waliichomeka kwenye ordinatere ya sekretari. Folda zote tisa zilikuwemo. Hakungoja mtu, alianza kujenga palepale, kwa njia aliyoijua, akiweka kifaa kimoja, kinakosekana kingine, anakitafuta, anakiweka. Jasho lilimtoka puani. Saa saba na dakika ishirini aliinua simu yake juu.

"Kumi na tano! Munaona? Bluu, ishirini." Aliwaonyesha kioo. "Nane. Tutume."

Biro nzima ilipumua. Anne-Marie alinyoosha mkono kuichukua simu, na wakati huohuo yake ikalia. Alisikiliza, akasema "ndiyo" mara tatu, akaikata.

"Makobola wamekuwa kumi na tisa," alisema. "Na mama mmoja amekufa. Mama Félicité, muzee wa pale karibu na kanisa."



"Tutume," Thaddée alirudia, sasa kwa sauti ya chini.

"Bado," Pélagie alisema.

Alijisikia akilisema kabla hajajua kama ana ujasiri wa kulitetea. "Ipite kwanza kwa mashini. Nipe kode yenye umejengea, niitie mu ghala, mashini ijenge na ijaribu."

"Itachukua muda gani?"

"Dakika makumi ine. Mashini ni muzee."

"Dakika makumi ine!" Thaddée aligeuka. "Muntu amekufa, na weye unataka kupanga mafolda? Umeona nane kwa macho yako."

"Nimeona nane moja, Prof. Ata Ijumaa kuko kitu uliona."

Lilikuwa neno kali. Alilijua likiwa bado mdomoni. Thaddée alimtazama kama alivyomtazama zamani mwanafunzi aliyemkatiza ubaoni. "Weye njo utanifundisha minye?"

"Weye njo ulinifundisha kurudilia hesabu mbele ya kutoa karatasi."

Anne-Marie aliwatazama wote wawili. Alikuwa na haki ya kukata shauri, na uzito wake ulionekana mabegani mwake. "Makobola Marie-Rose anatia nane tayari," alisema polepole, kama anayejihesabia. "Wenye hatujawafikia ni ba mu bonde. Wakipata kumi na tano, tutaacha kuwapigia. Tutasema wamepona." Akamgeukia Pélagie. "Nakupa saa moja. Wengine muendelee kupiga simu."

Umeme haukuwepo tangu asubuhi. Walikuwa wanatumia jenereta uani. Pélagie aliingiza kode ghalani, na mashini nzee ikaanza kuvuma. Mistari ilipita kwenye kioo. Thaddée alisimama mlangoni akiwa amempa mgongo. Kila simu ilipolia, wote waliinua vichwa.

Yale majaribio Pélagie aliyaandika Machi, jioni moja ya mvua, bila kujua kama yatatumika. Yalikuwa ya kitoto: chukua kila chupa, kila ukubwa wa bidoni, kila lugha, uliza programu, linganisha jibu na karatasi ya vipimo iliyoandikwa na muuguzi. Asubuhi ile, akisubiri Thaddée, alikuwa ameongeza chupa ya bluu. Kiswahili kilipita chote. Kifaransa kikapita. Kisha mashini ikasimama, na mstari mwekundu ukaandikwa: Kirundi, bluu, lita ishirini. Inayotakiwa nane. Iliyopatikana nne.

Pélagie hakupiga kelele. Alisema tu, "Prof, kuya uone."

Thaddée alikuja. Alisoma. Akainama karibu zaidi, akasoma tena. Miaka mitatu nyuma, alipoongeza Kirundi kwa ajili ya watu wa bondeni, alikuwa na haraka, akanakili jedwali zima la vipimo badala ya kuliita lile la kwanza. Kipimo kilikuwa na majedwali mawili, na la pili, alilolisahau mwenyewe, halikuwa na vipimo vya bluu.

"Wale kumi na watano," Anne-Marie aliuliza, "wanatumia lugha gani?"

"Kirundi," Thaddée alijibu. "Wote isipokuwa wawili." Akavuta kiti, akakaa karibu na Pélagie, si mbele yake. "Tufanye nini?"

"Uniambie kila folda ni ya nini."

Kwa mara ya kwanza tangu Januari alimwambia. "Mpya" ilikuwa ya zamani kuliko zote. "Ya mwisho" ilikuwa na hitilafu ya herufi. "Usiguse" ndiyo iliyojengewa Ijumaa, kwa sababu siku moja ilikubali na tangu hapo akaiamini. Alizungumza haraka, bila kujitetea. Pélagie alichukua folda moja tu, akaweka zile nane nyingine pembeni zisiguswe na mashini. Jedwali la vipimo wakalitoa katikati ya kode, wakaliweka katika faili lake lenyewe, moja kwa lugha zote. Thaddée aliandika, Pélagie alisoma kila namba kwa sauti kutoka karatasi ya muuguzi. Lita tano: nyeupe moja, bluu mbili. Kumi: mbili na nne. Ishirini: nne na nane. Ishirini na tano: tano na kumi.

Mashini ikaanza tena. Nyekundu: kifaa kimoja kilikuwa cha namba nyingine. Wakarekebisha orodha. Ikaanza tena, ikafika katikati, na jenereta ikakohoa mara mbili na kuzimika.

 Sekretari alikimbia uani. Mafuta yalikuwa yameisha. Wakati wanayatafuta kwa jirani, mwenye karakana ya kuchomea vyuma, Thaddée alikaa mikono kichwani akinong'ona, "Kuanza upya. Yote kuanza upya."

"Apana," Pélagie alimwambia. "Kila kitu kimeandikwa. Ikiwaka, itaendelea yenyewe kujenga. Hatuna kitu cha kukumbuka."

Alisema hivyo kwa utulivu, lakini hakuwahi kuijaribu mashini ile kwa namna hiyo. Jenereta ilipowaka, mashini ilifungua macho, ikatafuta ghala, ikavuta kode, ikasoma orodha ya vifaa, ikaanza. Hakuna aliyeigusa. Walisimama nyuma yake watu saba. Kiswahili. Kifaransa. Kirundi. Kila mstari ulipita, kijani, kijani, mpaka wa mwisho. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na mbili.

Versiyo ya kumi na sita ilitoka. Kwenye kioo cha Anne-Marie orodha ya pointi ilianza kubadilika, moja baada ya nyingine, kila simu ilipoivuta. Makobola ilikuwa ya pili. Marie-Rose akapiga mwenyewe: "Sasa iko inaandika nane. Na mayi imegeuka, Pélagie. Iko waridi."

Za bondeni zilichelewa. Runingu ikaingia saa kumi na moja kasoro. Kisha tatu kwa mpigo. Kufikia saa kumi na mbili zilikuwa arobaini. Moja ilikataa, ya mtu aliyeitwa Itangishaka, Mutarule. Walimpigia mara thelathini. Barabara ya huko haikuwa ya kutumia mtu saa ile, na Anne-Marie hakumruhusu yeyote.

Pélagie alilala akiwa amevaa nguo zake. Asubuhi, kabla hajaosha uso, Itangishaka alipiga kwa simu ya jirani yake. Simu yake ilikuwa imekufa tangu Jumapili.

"Na mayi, unatia ngapi?" Pélagie aliuliza.

"Sitii kitu. Niliona haigeuke rangi, niliogopa. Nilifunga pointi, nikasema bamama bote bachemshe. Nilikosea?"

"Apana, yaya," Pélagie alimwambia kama ndugu yake mkubwa, na ndipo machozi yalipomtoka. "Haukukosea."

Makobola wagonjwa walifika ishirini na wanne, waliobaki walipona. Siku ya kumzika Mama Félicité, Thaddée alikwenda, na Pélagie alimsindikiza. Alimuuliza muuguzi wa pale, mbele ya watu, kama ni klori iliyopungua iliyomuua yule mama. Muuguzi hakumfariji wala hakumhukumu. Alisema nyumba ile ilichota pia maji ya ziwa bila dawa, maji yalipokuwa yamefika mlangoni, na hakuna anayeweza kujua. Thaddée aliwaendea watoto wa marehemu, akawaeleza kosa lilivyokuwa, folda kwa folda, kwa maneno ya kawaida. Mkubwa wao alimsikiliza hadi mwisho, akamshika mkono.

Njiani kurudi, pikipiki zikiwa zimesimama kupisha maji barabarani, Thaddée alisema, "Ningekupa kode mu mwezi wa kwanza…"

Pélagie alitazama mawimbi yakilamba ukuta wa nyumba ya mtu. 

Tangu wakati huo hakuna versiyo inayotoka kwenye ordinatere ya mtu, hata ya Thaddée, hata ya Pélagie. Agosti Pélagie aliongeza bidoni za lita thelathini, akaingiza kode akiwa na hakika kabisa, akaenda kununua chai. Aliporudi alikuta nyekundu, na Thaddée ameketi mbele ya mashini akiisoma, miwani kwenye paji la uso.

"Iko nini?" aliuliza Pélagie.

"Kwa bluu umeandika sita mahali pa kumi na mbili."

Pélagie aliona aibu ikimpanda shingoni. Alikuwa tayari kusema ni uchovu. "Nimekosea," alisema badala yake, akavuta kiti.